Namba za vichwa vya tasnifu yangu zinavurugika kila ninaporekebisha sura. Nifanyeje?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, nipo Dodoma, na tasnifu yangu imefikia sura ya nne. Naandika kwa Microsoft Word kwenye kompyuta ya Windows.

Tangu mwanzo nimekuwa nikiandika namba za vichwa kwa mkono: naandika 2.3, naacha nafasi, naandika kichwa chenyewe, kisha nakikoleza wino. Mwezi uliopita msimamizi wangu aliniagiza niongeze sehemu moja kati ya 2.2 na 2.3. Ilinibidi nibadilishe kila namba iliyofuata hadi mwisho wa sura, pamoja na vijisehemu vyake, na ukurasa wa Yaliyomo, ambao nilikuwa nimeupanga kwa kubonyeza nukta moja moja, nikaurudia wote. Nilidhani nimemaliza. Siku ya kikao msimamizi alisoma mahali palipoandikwa "kama ilivyofafanuliwa katika sehemu ya 2.4.1", akaenda 2.4.1, akakuta habari nyingine kabisa. Aliniuliza kwa upole kama nimeisoma kazi yangu mwenyewe. Niliumia sana, kwa sababu nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nikaamua kujifunza kuweka namba zinazojipanga zenyewe. Nilichagua mpangilio mmoja katika orodha ya kitufe cha namba, na matokeo yake ndiyo haya. Kichwa cha sura ya kwanza kinasomeka "1 SURA YA KWANZA: UTANGULIZI WA JUMLA", na hiyo 1 ya mbele idara haiitaki. Sehemu ya Utangulizi imepewa 1.1, wakati mwongozo wa idara unataka 1.0. Kichwa kinachofuata kinasomeka "1.2 1.1 Usuli wa Tatizo". Sura ya pili, niliyoiandika kwenye kompyuta ya rafiki yangu na kuihamishia kwangu kwa flashi, inaanza na 1.9 badala ya 2.0.

Kijana wa steshenari ameniambia nimpe faili aninyooshee yote kwa mkono kwa malipo. Nina wiki sita kabla ya kuwasilisha. Je, nimpe? Na je, viambatisho navyo vinaweza kujipanga vyenyewe?

Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

*

Marahaba, na pole sana. Swali la msimamizi wako lingemuumiza yeyote aliyekesha na kazi yake, na ninakuhakikishia kwamba kosa alilolikuta halikutokana na uvivu wa kusoma. Namba iliyoandikwa kwa mkono haijui kwamba jirani yake amehama. Usimpe kijana wa steshenari faili, si kwa sababu hafai kuaminiwa, bali kwa sababu atakurudishia namba za mkono zilizo sahihi kwa siku moja tu, na siku msimamizi atakapokuagiza uondoe sehemu ya 3.2 utarudi palepale. Wiki sita zinatosha, na kazi yenyewe, ukiifanya kwa utulivu, ni ya jioni moja au mbili.

Matatizo manne uliyoyataja yana mzizi mmoja. Unapoandika kichwa, ukakikoleza wino na kukikuza, wewe unaona kichwa, lakini programu inaona aya fupi yenye wino mzito. Hakuna kinachoiambia kwamba aya hiyo ni sura, au sehemu ya sura, au kijisehemu. Word inatoa vyeo kwa ajili hiyo, navyo vinaitwa Heading 1, Heading 2 na kuendelea hadi Heading 9, na namba zinazojipanga zenyewe nazo zina ngazi tisa. Ukiipa kila aya ya kichwa cheo chake, kisha ukaunganisha kila ngazi ya namba na cheo kimoja, hutagusa namba tena mpaka unawasilisha.

Hebu tuthibitishe hili kwa sura yako ya pili. Bofya katikati ya maneno SURA YA PILI, kisha tazama kisanduku cha mitindo, kinachoitwa Styles, katika ukurasa wa Home hapo juu. Naamini utakuta kilichowekewa alama ni Normal, yaani aya ya kawaida. Bofya SURA YA KWANZA, utakuta Heading 1. Programu haijawahi kuambiwa kwamba sura ya pili imeanza, kwa hiyo sura ya kwanza ilipoishia 1.8 yenyewe ikaendelea kuhesabu, 1.9, kama mtu anayehesabu abiria bila kujua kwamba basi limebadilishwa njiani.

Kwa hiyo anza na vyeo, kabla ya kugusa namba yoyote. Hifadhi kwanza nakala ya faili kwa jina jingine, uiweke kando. Halafu pitia kazi yote kutoka juu, na kwenye kila kichwa cha sura bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kwenye sehemu za sura bonyeza Ctrl, Alt na 2. Kwenye vijisehemu kama Lengo Kuu na Malengo Mahususi bonyeza Ctrl, Alt na 3. Usishtuke rangi ya bluu na mwandiko mwingine vikitokea. Hayo ni mavazi ya cheo, na utayabadilisha mara moja kwa vichwa vyote: bofya kwa kitufe cha kulia juu ya jina Heading 2 katika kisanduku cha mitindo, chagua Modify, weka Times New Roman, ukubwa wa 12, rangi nyeusi, na kila kichwa chenye cheo hicho kitafuata. Fanya hivyo kwa kila cheo. Ukimaliza, fungua ukurasa wa View na uweke alama kwenye Navigation Pane. Upande wa kushoto utaona mifupa yote ya tasnifu yako, na kichwa kisichoonekana hapo bado hakijapewa cheo.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Weka kielekezi ndani ya kichwa cha SURA YA KWANZA. Katika ukurasa wa Home, kwenye kundi la Paragraph, kuna vitufe vitatu vya orodha vilivyopangwa pamoja. Cha tatu, chenye vijistari vinavyoingia ndani kwa ngazi, ndicho Multilevel List. Kibofye, lakini usichague mpangilio wowote ulio tayari, maana huko ndiko ulikopata ile 1 isiyotakiwa. Shuka hadi Define New Multilevel List. Dirisha likifunguka, bofya More katika kona ya chini kushoto ili lionyeshe sehemu zake zote. Upande wa kushoto utaona ngazi 1 hadi 9. Upande wa kulia kuna kisanduku cha Link level to style. Chagua ngazi ya 1 uiunganishe na Heading 1, ngazi ya 2 na Heading 2, ngazi ya 3 na Heading 3. Fanya yote kabla ya kubofya OK.

Ukiwa bado katika dirisha hilo, rudi ngazi ya 2 na utazame kisanduku cha Enter formatting for number. Humo kuna tarakimu zenye kivuli cha kijivu. Kivuli hicho ndicho siri ya jambo lote: tarakimu yenye kivuli ni hai, itabadilika sura inapobadilika, na tarakimu isiyo na kivuli ni maandishi tu. Ukifuta na kuandika 1.1 kwa vidole vyako, hakutakuwa na kivuli, na sehemu zote za tasnifu, hata za sura ya tano, zitasomeka 1.1. Kwa hiyo, kama kisanduku kina vitu usivyovitaka, futa vyote, kisha nenda kwenye Include level number from uchague Level 1, itaingia tarakimu ya kijivu ya sura. Andika nukta kwa mkono. Halafu katika Number style for this level chagua 1, 2, 3, itaingia tarakimu ya kijivu ya sehemu. Kwa ngazi ya 3 utaita Level 1, nukta, Level 2, nukta, kisha namba yake yenyewe.

Kuhusu 1.0 ya idara yenu, ukiwa ngazi ya 2 tafuta kisanduku cha Start at na ubadilishe 1 iwe 0. Hakikisha pia kwamba Restart list after ina alama na inataja Level 1, ili kila sura ianze upya na 0. Ngazi ya 3 iache ianze na 1, kwa kuwa tunaandika 1.3.1 Lengo Kuu na si 1.3.0.

Baada ya ngazi hizo kukaa sawa ndipo urudi ngazi ya 1 kuondoa ile 1 inayokaa mbele ya SURA YA KWANZA. Hapa kuna njia mbili, na uamuzi ni wa mwongozo wa idara yenu. Kama mnaruhusiwa kuandika SURA YA 1 kwa tarakimu, basi weka kielekezi mbele ya tarakimu ya kijivu na uandike neno SURA YA pamoja na nafasi. Kila Heading 1 itajiandika SURA YA 1, SURA YA 2, na wewe utabaki kuandika jina la sura tu. Kama ni lazima iwe SURA YA KWANZA kwa maneno, futa tarakimu ya kijivu kabisa, uache kisanduku kikiwa kitupu, na katika Follow number with chagua Nothing ili pasibaki pengo mbele ya kichwa. Usichague none kwenye aina ya namba. Futa tu kilichomo kisandukuni. Hesabu itaendelea kimyakimya nyuma ya pazia, sura ya pili itajulikana kuwa ya pili, na sehemu zake zitasoma 2.0, 2.1, ingawa maneno SURA YA PILI umeyaandika mwenyewe. Kwa tasnifu ya Kiswahili mimi napendelea njia hii ya pili. Word haituandikii Kwanza, Pili, Tatu kama inavyowaandikia Waingereza One, Two, Three, lakini sura zako ni tano au sita tu, na kuandika maneno sita kwa mkono si mzigo. Jambo moja tu likupe tahadhari: kama mnatakiwa kuandika majedwali kwa kufuata sura, yaani Jedwali 4.1, Jedwali 4.2, na mnataka nayo yajihesabu, njia ya tarakimu ndiyo salama, kwa sababu jedwali huazima namba kutoka kwenye kichwa cha sura.

Bofya OK. Vichwa vyote vitapata namba kwa mpigo mmoja, na utaona namba maradufu kila mahali, kama ile "1.2 1.1 Usuli wa Tatizo". Sasa unaelewa sababu: ya kwanza ni ya programu na ya pili ni yako ya zamani. Jaribu kubofya juu ya kila moja. Ya programu itageuka kijivu yote kwa pamoja na haitakubali kielekezi kiingie ndani yake, lakini yako inakubali, maana ni maandishi. Unaweza kuzifuta moja moja, au ufanye hivi: bonyeza Ctrl na H, bofya More, weka kielekezi katika Find what, bofya Format, kisha Style, uchague Heading 2. Andika ^#.^# na nafasi moja baada yake, acha Replace with ikiwa tupu, na ubofye Replace All. Alama ^# maana yake ni tarakimu yoyote. Kwa kuwa umeichagulia cheo cha Heading 2, haitagusa takwimu zilizomo katika aya zako, jambo ambalo lingekuwa balaa katika sura ya nne. Kwa Heading 3 tumia ^#.^#.^# na nafasi. Kama baada ya namba ulikuwa ukibonyeza Tab, mahali pa nafasi weka ^t.

Kuanzia hapo, ukitaka kubadilisha chochote katika mpangilio wa namba, usiunde orodha mpya. Bofya juu ya namba ya kichwa kwa kitufe cha kulia, chagua Adjust List Indents, na dirisha lilelile litarudi likiwa na yale uliyoyapanga. Wengi huunda orodha mpya kila wanapoona kasoro, na baada ya siku tatu waraka una orodha tano zinazogombania vichwa vilevile. Vivyo hivyo, usivute namba kwa rula ya juu. Mwanzo wa namba na mwanzo wa maandishi hupangwa humo humo kwenye dirisha, katika Aligned at na Text indent at.

Sasa lile lililokuliza, "kama ilivyofafanuliwa katika sehemu ya 2.4.1". Rejeleo la namna hii nalo linaweza kuwa hai. Futa 2.4.1 uliyoiandika, acha kielekezi hapohapo, fungua ukurasa wa References na ubofye Cross-reference. Katika Reference type chagua Heading, katika Insert reference to chagua Heading number, kisha uchague kichwa unachokirejelea kwa jina lake. Namba itakayoingia inafanana na maandishi mengine, lakini ukiibofya inapata kivuli cha kijivu. Siku sehemu hiyo ikihama kuwa 2.5.1, chagua waraka wote kwa Ctrl na A, bonyeza F9, na rejeleo litajirekebisha. Nakushauri utafute neno "sehemu ya" katika faili lote kwa Ctrl na F, upitie kila rejeleo moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini kati ya yote niliyokueleza hii ndiyo itakayokuepusha na aibu mbele ya watahini. Yaliyomo nayo futa ile ya nukta za mkono, uweke ya References, Table of Contents. Itasoma vyeo na kurasa yenyewe.

Viambatisho vinaweza kukaa ndani ya orodha hiyohiyo. Rudi kwenye dirisha, chagua ngazi ya 7, iunganishe na Heading 7, futa kilichomo, andika neno Kiambatisho na nafasi, halafu katika aina ya namba chagua A, B, C. Ondoa alama kwenye Restart list after, ili A isirudie. Viambatisho vyako vipe Heading 7, na katika Custom Table of Contents, kwenye Options, andika 1 mbele ya Heading 7 ili vionekane katika Yaliyomo sambamba na sura. Ikirari, Shukurani, Ikisiri na Marejeleo havihitaji namba, kwa hiyo usivipe Heading 1. Viundie mtindo wao uliojengwa juu ya Normal, na katika mpangilio wa aya uweke Outline level kuwa Level 1. Vitaingia katika Yaliyomo bila kuhesabiwa kama sura.

Kuhusu sura zinazotoka kompyuta ya rafiki yako, unapobandika, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague Use Destination Styles, ili vichwa vyenye cheo kilekile vivae mavazi ya faili lako. Kisha tazama Navigation Pane kabla ya kuendelea. Ukikuta kisanduku cheusi mahali pa namba, jambo linalotokea mara nyingine katika faili lililopita mikono mingi, weka kielekezi mwanzoni mwa maneno ya kichwa, bonyeza mshale wa kushoto mpaka kisanduku kigeuke kijivu, kisha Ctrl, Shift na S, na ubofye Reapply. Usiifanye kazi hii ya kupanga kwenye simu, kwa maana dirisha tulilotumia halipo huko.

Msimamizi akikuagiza tena kuhamisha sehemu, nenda Navigation Pane, kamata kichwa kwa kipanya, ukiburute hadi mahali pake papya. Aya zake zote zitakifuata, na namba zitajipanga mara tu utakapoachia kidole. Usiku wa kuamkia kuwasilisha, bonyeza Ctrl na A, kisha F9, ukubali Update entire table inapokuuliza kuhusu Yaliyomo, hifadhi kazi kama PDF ukiwa nyumbani, na hiyo PDF ndiyo umpelekee kijana wa steshenari akuchapie.